Kindi wa Kilungu, Kuchakuro wa Matiliku

Mpaka leo asubuhi shughuli hii imekula vitunguu vya maua sitini na vinne, roli moja na nusu ya waya wa kahawa, debe la pilipili kavu, jembe moja ambalo hakuna jirani atakayekubali kuliazima tena, na nusu ya amani iliyokuwa kati yangu na mwanangu wa kwanza. Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili hesabu ilitoka vilevile, isipokuwa hiyo amani, ambayo sasa naona ni zaidi ya nusu.

Nyinyi vijana mliobaki kwenye bustani ya nyumba ya wageni kule Kilungu mliniomba, siku ya kuniaga, niwaandikie tulivyokuwa tukilinda vitunguu vya maua dhidi ya kindi. Nilisema nitaandika nikipata nafasi. Nafasi ninayo sasa. Ndicho kitu pekee ninachopata huku Matiliku bila kuomba bei ishuke.

Mishahara sitaizungumzia, mnaijua. Kuhusu vyeo nina sentensi moja tu: nilianza nikiwa mtunza bustani na nikamaliza nikiwa mtunza bustani, ila mwishoni kofia ilikuwa mpya. Ninaandika kwa sababu nina gladiola kumi na sita juu ya kaburi la mke wangu Nduku, na Jumamosi hii watoto wanakuja na fundi na magunia ya simiti. Majani yakiwa yametokeza, simiti itarudi ilikotoka. Yasipotokeza, kaburi litafunikwa, na Nduku aliniambia kwa kinywa chake kwamba hataki kufunikwa. Nitafika huko. Lakini nikianzia huko hamtaelewa nilikosea wapi.

Siku yangu ya kwanza kazini Mzee Muli, aliyekuwa mkubwa wa bustani, hakunipa jembe. Alinipa ufagio. Alikuwa mtu mfupi mwenye redio ndogo iliyofungwa kwa mpira, na alikuwa amemaliza kupanda lili nyeupe mstari mzima chini ya miti ya makadamia. Maganda ya vile vitunguu, yale makavu kama karatasi, yalikuwa yametapakaa.

"Mzee, mimi nimeandikwa kazi ya bustani, si ya kufagia," nikamwambia. Nilikuwa nimetoka kuuza mitumba sokoni na nilidhani najua haki zangu.

"Kindi anakuja kwa macho ama kwa pua?"

"Sijui."

"Basi fagia mpaka ujue. Hayo maganda ni kadi ya mwaliko. Ukiyaacha hapo, umemwandikia kindi kwamba karamu ni leo na mlango uko wazi."

Nikafagia. Kisha akaniambia nikanyage udongo juu ya mstari wote, nikanyage kama mtu anayezima moto, halafu nimwagie maji na kutandaza majani makavu mpaka mahali pasionekane paliguswa. Alinieleza sababu, na sijawahi kusikia mtu akiieleza vizuri zaidi. Kindi mwenyewe ni mficha vitu. Anaficha makadamia yake ardhini kila siku. Kwa hiyo akiona udongo laini hajiulizi kama kuna kitu chini. Anajua kipo. Anajiuliza tu ni cha nani, na jibu halimzuii.

Muli aliwapa kindi wote majina ya shemeji zake. Yule mwenye mkia uliokatika alikuwa ndiye mkubwa wa ukoo. Asubuhi ungemsikia akisema, "Leo shemeji amekula lili tatu na hakuaga," akiwa na uchungu wa kweli, mpaka leo sijui uchungu ulikuwa wa lili au wa shemeji.

Haya aliyonifundisha shikeni, yanafanya kazi kwa kindi wa Kilungu. Panda kwa kina cha mara tatu ya unene wa kitunguu, usipande juujuu kwa uvivu. Usipande asubuhi na kuacha mpaka jioni bila kufunika. Kile kitunguu kikubwa cha ua jekundu, chenye utomvu mchungu, kindi hakitaki. Kipandwe pembeni kama askari. Na kubwa kuliko yote: ukishapanda, usikwaruze kuangalia. Muli alikuwa akisema mtu anayekwaruza kuangalia kama kitunguu kinaota ni kindi aliyevaa gambuti. Udongo ukikwaruzwa unanuka upya, na pua zote za mlimani zinageuka.

Mwaka uliofuata Muli akapata wazo la vikapu. Tusuke vikapu vya mkonge, kila kitunguu kikae ndani ya chake, tuvipande hivyo hivyo. Maji yapite, mizizi ipite, kindi asipite. Aliagiza viondo vidogo arobaini vyenye matundu, tundu la kupitisha kidole. Kwa kuwa nilitoka sokoni, mapatano ya bei yakawa kazi yangu.

Msusi alikuwa msichana aliyekuwa akipiga deki sakafu za nyumba ya wageni na kusuka wakati wa chakula cha mchana. Ndiye Nduku. Alileta viondo arobaini. Nilivihesabu mara mbili, vilikuwa arobaini, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na tundu. Ungeweza kubebea unga.

"Dada, tuliagiza vyenye matundu."

"Nilisikia."

"Sasa matundu yako wapi?"

"Yako kwa mtu atakayekubali kuonekana ameyasuka. Mama yangu akiona kiondo changu kinavuja, atasema nilisuka nikiwa na homa."

"Hakibebi maharagwe, kinabeba kitunguu cha maua. Kinafukiwa. Nani atakiona?"

"Mimi nitajua," akasema, na akaendelea kukunja uzi wake.

Nyinyi ambao mama zenu wanasuka mnajua hakuna bei ambayo ingemfanya aache pengo. Tukavipanda hivyo hivyo. Mvua ya Novemba ikaja, maji yakaingia ndani ya viondo na kukataa kutoka. Tulipofukua Januari tulikuta uji. Kindi hakuwa amekula hata kimoja. Kwa upande wa kindi tulikuwa tumepata ushindi kamili.

"Mutiso," Muli akaniambia akiwa amejishika kiuno, "tumeshinda vita na tumezika jeshi."

Nduku alikuja kudai salio lake. Nikamwonyesha uji. Akautazama, akaniangalia mimi. "Uliagiza kiondo, nimeleta kiondo. Ungeagiza chujio, ningeleta chujio." Tulipatana bei kuanzia saa saba mpaka saa kumi. Nilitumia kila mbinu niliyojifunza kwenye mitumba: nikaondoka, nikarudi, nikacheka, nikashika kichwa. Hakushuka hata shilingi. Nikaona mtu wa namna hii ni hatari kumwacha upande ule mwingine wa meza, na mwaka uliofuata nikaenda kwao na wazee.

Baada ya ndoa yeye akaenda Matiliku kwenye shamba letu, kulea watoto na mbuzi. Mimi nikabaki kwenye chumba cha wafanyakazi Kilungu. Nilikuwa nikishuka nyumbani mwisho wa mwezi, na mwezi wenye harusi nyingi sikushuka. Mtu akihesabu siku ambazo mimi na yeye tulilala chini ya paa moja katika miaka yote ile, atapata jibu. Mimi nimehesabu mara mbili na sitaliandika hapa.

Pilipili tulijaribu, na nitaimaliza kwa haraka. Pilipili kavu ikisagwa na kunyunyizwa juu ya udongo inafukuza kindi mpaka tone la kwanza la mvua. Baada ya hapo unarudia. Siku moja tulirudia asubuhi ya harusi, upepo ukapanda kutoka bondeni, na wasimamizi wa bibi harusi wote sita wakaingia kanisani wakilia. Picha zilikuwa nzuri. Watu walisema hawajawahi kuona mapenzi kama yale. Meneja hakusema hivyo.

Kilichotuokoa ni waya, na waya nilijifunza Tseikuru. Kanisa lenye nyumba ya wageni lilikuwa likijenga zahanati kule, na meneja akanituma miezi michache nikatengeneze bustani mbele yake, kwenye nchi ya mbuzi na ngamia ambako mtu akisema bustani watu wanatazama nyuma yako kuona unamwambia nani. Sikumjua mtu. Jioni nilikuwa nikikaa nje ya duka la Mama Halima kwa sababu lilikuwa na benchi. Familia yake ilitoka kaskazini mashariki, wanaume wao wakisafirisha mifugo, na yeye akiuza kila kitu kuanzia sindano mpaka mabati. Waya wa kuku niliokuwa nao ulikuwa na matundu makubwa, kindi mdogo anapita akiwa amebeba mzigo. Mama Halima alikuwa na waya wa kahawa, ule wa kuanikia, matundu madogo.

"Mama, huo waya kwa nini uko hapa? Hakuna kahawa Tseikuru."

"Ndiyo maana upo. Kungekuwa na kahawa ungekuwa umeisha."

"Basi nipunguzie, unakula nafasi ya duka."

"Hauli nafasi. Unaonekana vizuri pale." Akanyoosha mguu kwenye kivuli. "Baba, unaweka wapi?"

"Napanda vitunguu vya maua, natandaza juu yake, naweka mawe pembeni. Majani yanapita kwa matundu."

"Juu tu?"

"Juu tu."

"Kwa kuchakuro wa huku? Basi umenunua nusu. Chukua roli mbili."

Nilicheka sana. Kuchakuro nilidhani ni jina lao tu la kindi. Nilimwambia mimi nimeuza mitumba kabla yeye hajafungua duka, na najua mtu anayetaka kuniuzia roli ya pili. Yeye pia akacheka, akaniongezea chai, na nikaondoka na roli moja kwa bei ambayo mpaka leo naikumbuka kwa furaha.

Nikapanda pale mbele ya zahanati, nikatandaza waya, nikarudi Kilungu kabla ya mvua. Baadaye nikaambiwa hakuna hata ua moja lililotoka. Nikasema ni ukame. Ukame ni rahisi kuusingizia. Hauna mtu wa kuutetea.

Kilungu, waya ulifanya maajabu. Kindi wa kule ni wa mitini. Anashuka, anachimba kutoka juu, anakutana na waya, anakaa juu yake akifikiria, anarudi mtini kututukana. Hivyo ndivyo mlivyonikuta nikifanya na hivyo ndivyo nilivyowafundisha. Endeleeni. Kateni kwa mkasi wa bati wala si kwa plaisi, mtaumia mikono. Majani yakifika urefu wa kiganja toeni waya, usikabe shina.

Muli akastaafu. Aliondoka na redio yake, na asubuhi iliyofuata nikagundua kwamba miaka yote ile nilikuwa nasikia taarifa ya habari bila kujua nasikiliza. Sikununua redio nyingine. Nilianza kuwasemesha kindi. Niliwaita kwa majina aliyowapa, ingawa wale wa kwanza walikuwa wamekufa zamani na hawa walikuwa wajukuu. Kuna wageni waliosimama wakasikiliza wakidhani nasali.

Kisha Nduku akaugua. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili kazini. Niliomba ruhusa, nikakaa naye wiki za mwisho, mfululizo mrefu kuliko wote tuliowahi kukaa. Asubuhi moja nilikuwa nikimnywesha uji mlangoni, kwenye jua.

"Kioko ana pesa sasa," akasema. Kioko ndiye mtoto wetu wa kwanza, yuko Nairobi. "Atataka kuniwekea simiti na vigae kama ya mama ya chifu. Mkataze."

"Watu wataona hatukujali."

"Nimepiga deki simiti ya watu mpaka magoti yakaisha. Siwezi kulala chini yake. Niwekee yale maua yako unayoyapenda kuliko mimi."

"Siyapendi kuliko wewe."

"Sijawahi kuyaona hapa nyumbani," akasema, akasukuma kijiko. "Yalete basi, tuone."

Na kweli sikuwahi kuleta hata kitunguu kimoja. Vilikuwa mali ya kazi, na maji ya Matiliku ni ya kunywa watu na mbuzi. Hiyo ndiyo sababu niliyompa kila mwaka. Yeye hakuwa akiniuliza, nilikuwa nikiitoa tu.

Siku ya kuniaga, mnakumbuka, mlininunulia blanketi na saa ya ukutani. Blanketi nililichukua. Saa ingenifanyia nini? Ingeniambia ni saa nne na hakuna aliyeniita. Nikamwomba meneja tubadilishane, achukue saa anipe vitunguu. Akasema kumi, nikasema mia, tukaishia themanini, gladiola nyeupe, kwa sababu lili haliwezi joto la huku. Mlinifungia nyinyi wenyewe kwenye gunia. Nilivihesabu garini. Vilikuwa themanini na kimoja. Aliyeongeza, asante. Hicho cha ziada nilimpa mzee aliyeketi karibu nami, akadhani ni cha kula, na natumaini hakukila.

Oktoba, kabla ya mvua, nikapanda arobaini juu ya kaburi. Huku kwetu kaburi likishafukiwa jembe haliletwi tena hapo, kwa hiyo nilitumia kijiti na vidole. Nilifagia maganda. Nilikanyaga kwa kiganja, kwa heshima. Nikanyunyiza pilipili, nikatandaza waya wa kahawa, nikaweka mawe. Kazi safi. Muli angekosa la kusema, na Muli hakuwa mtu wa kukosa la kusema.

Baada ya wiki moja nikaona udongo umelegea pembeni. Nikainua waya. Waya mzima, mawe mahali pake, pilipili haijaguswa, na chini yake hakuna kitu. Arobaini vimekwenda. Ilikuwa kama kukuta kufuli mlangoni na ukuta wa nyuma haupo.

Nikasema ni bahati mbaya. Mtu aliyefanya kazi moja maisha yake yote anasema bahati mbaya mapema sana. Nikapanda ishirini na vinne vingine, nikaongeza mawe. Siku ya tano nikamwona mwenyewe, mchana kweupe: kuchakuro wa rangi ya udongo, amesimama kwa miguu miwili kama karani, amebeba gladiola yangu mikononi. Hakukimbilia mti. Aliingia ardhini. Tundu lake lilikuwa hatua chache kutoka kaburini, chini ya kichaka, na jingine upande wa pili. Hawa hawashuki kutoka juu. Wanakuja kwa chini, kwa ubavu, na kule chini wananusa vizuri kuliko juu.

Hapo ndipo nikasikia sauti ya Mama Halima ikisema umenunua nusu. Mwanamke yule alikuwa akinifundisha kazi yangu, na mimi nikadhani ananiuzia waya.

Jirani yangu, Mama Mumo, akaja mpaka kwenye ua. Hakuingia.

"Baba Kioko, hapo panachimbwa na nini?"

"Kuchakuro."

"Asi! Sema polepole. Watu wanasema si kuchakuro."

"Watu wanasema ni nini?"

"Wanasema kaburi likifukuliwa mara mbili kuna neno ndani."

"Liko neno. Linaitwa gladiola."

Hakucheka. Saa moja baadaye simu ikalia. Kioko.

"Baba, Mama Mumo amenipigia. Ati kaburi la mama lina mashimo?"

"Ni mashimo madogo."

"Kwa kaburi la mama kuna shimo linaloitwa dogo? Baba, mimi nitalipa. Tunaweka simiti, vigae, jina lake vizuri, tunamaliza haya maneno."

"Mama yako alikataa simiti."

"Alikataa mbele ya nani?"

"Mbele yangu."

"Kwa hivyo ni wewe na yeye tu mnajua."

"Ndiyo. Ilikuwa hivyo mambo mengi."

Nilisikia magari ya Nairobi nyuma yake. "Watu wanatucheka, Baba. Wanasema tuna kazi nzuri na mama yetu analiwa na panya."

"Nipe mpaka Krismasi."

"Tunakuja maombi ya ukumbusho kabla ya hapo. Nitakuja na fundi."

"Fundi aje, nitampa chai. Lakini akikuta majani ya kijani juu ya kaburi, anywe chai arudi."

"Baba, hii si soko."

"Nipe hiyo tu. Majani, si maua. Majani."

Alikubali kwa sauti ya mtu anayefunga duka. Na tarehe ya maombi ndiyo hii Jumamosi.

Dawa niliijua sasa. Ni kuzungusha waya ardhini pande zote nne, ushuke kina cha mkono mpaka kiwiko, na chini kabisa ukunjwe kwenda nje kama mguu wa meza, ili kuchakuro akifika achimbe chini zaidi akute mkunjo, achoke. Ndiyo ile nusu ya pili. Lakini waya haushuki ardhini bila mtaro, na mtaro hauchimbwi kwa vidole. Unahitaji jembe, kaburini.

Nilimwendea mchungaji. Akasikiliza mpaka mwisho, akafunga macho, akasema hajaona andiko linalokataza, ila siku hiyo hatakuwepo. Nikatafuta kibarua. Alipofika na kuona ni wapi, alivaa tena shati alilokuwa amelivua. Nikaongeza pesa. Akatikisa kichwa. Nikaongeza maradufu, akaondoka. Katika maisha yangu yote ya kupatana ilikuwa mara ya kwanza mimi kupandisha bei na mwenye kuuza kukimbia.

Nikachimba mwenyewe, asubuhi mbili, hatua nzima kutoka ulipoishia udongo wake, nisije nikamfikia. Nilimwambia Nduku ninachofanya, kwa sababu sipendi kuchimba karibu na mtu bila kumwambia. Nilimweleza ukubwa wa matundu ya waya. Nilimweleza kuhusu Mama Halima. Mama Mumo alisimama kwenye ua wake mikono kifuani asubuhi zote mbili, na wiki hiyo alipohitaji jembe alikwenda kuazima kwa watu walio mbali, akipita mbele ya mlango wangu.

Ndani ya waya nikapanda vile kumi na sita vya mwisho. Mvua imenyesha vizuri mara mbili. Sijaona shimo hata moja. Pembeni nimeona walipojaribu wakafika kwenye waya wakaacha. Kwa hiyo kwa upande wa kuchakuro, kazi imekwisha.

Lakini hakuna jani. Kwa joto la huku yangekuwa yameshachungulia. Nimetoka kuangalia kabla ya chai na baada ya chai. Inawezekana kwa hofu nilivipanda chini mno. Inawezekana mvua ya pili ilikuwa nyingi na vimekuwa uji. Inawezekana viko wiki moja tu kutoka juu, vimelala vizuri, na vitatokea Jumanne fundi akiwa ameshamaliza kupanga vigae. Nikikwaruza niangalie, nitaulegeza udongo, nitaamsha pua zote za Matiliku, na Mama Mumo atapiga simu kabla sijanawa mikono. Nisipokwaruza, sina la kumwambia Kioko ila kwamba viko hai kwa sababu nasema mimi.

Kule kazini sikuwahi kuhitaji kujua. Kikifa kimoja, kulikuwa na vingine stoo. Sasa nawauliza nyinyi, kwa sababu mikono yenu bado iko kwenye udongo na mnasikia mambo mapya: kuna njia ya kujua kama kitunguu kiko hai kule chini bila kukifukua? Hata njia ya nusu. Hata kitu ninachoweza kumwonyesha mtoto wangu akanipa wiki moja zaidi.

Anayejua anipigie kabla ya Jumamosi. Saa yoyote, simu ninayo mkononi.